Daraja la Nyasi na Maana ya Kuhifadhi

Kauli imeenea miongoni mwetu walimu, nayo husemwa kwa utulivu kana kwamba haina mpinzani: kwamba urithi ni kitu cha kale, kwamba kitu cha kale ni kile kisichobadilika, na kwamba wajibu wa wenye kukirithi ni kukizungushia ua, kukipigilia kibao cha maelezo na kukikataza kuguswa. Kauli hii imo katika vitabu vya insha. Imo pia katika maswali ya mitihani, ambamo mwanafunzi hutakiwa kueleza umuhimu wa kuhifadhi turathi zetu, naye hutaja majengo, makaburi na majumba ya makumbusho, akapata alama zake zote. Mimi naiona kauli hiyo kuwa ni kosa, tena kosa lenye madhara, na katika kurasa hizi nakusudia kuipinga. Ili nisiipinge kwa maneno matupu, namwomba msomaji anifuate mbali kidogo, mpaka milima ya Andes katika nchi ya Peru, kwenye daraja moja la mashambani lililotangazwa kuwa urithi wa taifa, ilhali kila kamba iliyomo ndani yake ilisokotwa Juni iliyopita.

Daraja hilo huitwa Q'eswachaka. Katika lugha ya Kikechua q'eswa ni kamba iliyosokotwa, na chaka ni daraja. Jina lenyewe basi halina fumbo. Liko katika wilaya ya Quehue, jimbo la Canas, mkoa wa Cusco, mahali palipo zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari. Linavuka mto Apurímac, ambao jina lake hufasiriwa kuwa Bwana Asemaye, na aliyepata kusikia mto wa milimani ukipita katika bonde jembamba hahitaji kuelezwa sababu. Urefu wa daraja ni mita 28 hivi, na upana wake wamtosha mtu mmoja na mzigo wake. Halina msumari, wala waya, wala saruji. Ni nyasi, na fito chache za kutandika sakafuni, vilivyofungwa kwenye misingi ya mawe iliyo katika kingo mbili za bonde.

Kabla ya Wahispania kuingia Peru mwaka 1532, dola ya Wainka ilikuwa na barabara ndefu zilizopanda na kushuka milima hiyo, na palipokuwa na bonde lisiloweza kuzungukwa paliwekwa daraja la namna hii. Watu wale hawakuwa na magari ya magurudumu wala hawakuwa na chuma. Waliopita walikuwa watembea kwa miguu, matarishi, majeshi, na wanyama waitwao llama wakiwa na mizigo midogo mgongoni. Na kwa wapitaji kama hao kamba ilitosha. Vijiji vilivyokaa karibu na daraja vilikuwa na jukumu la kulitunza, nalo lilihesabiwa kuwa ni kodi yao, kodi ya mikono. Dola ikaanguka, na baada ya karne kadhaa madaraja hayo nayo yakaisha moja baada ya jingine, yakishindwa na mawe, kisha na chuma. Hili la Quehue likabaki. Mwaka 2009 serikali ya Peru ililitangaza kuwa sehemu ya urithi wa utamaduni wa taifa, na mwaka 2013 UNESCO ikatia habari zake katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu.

Nimesema "habari zake" kwa makusudi. Msomaji akilichunguza jina lililoandikwa katika orodha hiyo ataona kwamba kilichoingizwa si daraja. Kilichoingizwa ni maarifa, ufundi na ibada zinazohusiana na kulifanya daraja hilo upya kila mwaka. Waliotunga maneno hayo walifahamu jambo ambalo vitabu vyetu vya insha bado havijalifahamu.

Kila mwaka, mwezi wa Juni, jamii nne za pale, yaani Huinchiri, Chaupibanda, Choccayhua na Ccollana Quehue, hulijenga upya. Sikusema hulikarabati. Kazi huanzia majumbani, kabla ya siku ya kukutana. Nyasi ngumu ya milimani, iitwayo q'oya, hukatwa, hupondwa kwa mawe, hulowekwa majini ili ilainike isikatike, kisha husokotwa kwa viganja viwili mpaka ikawa kamba nyembamba ndefu. Kazi hii ya kusokota aghalabu ni ya wanawake, na watoto hujifunza kwa kuketi kando yao. Kila nyumba ina deni lake la kamba. Siku ya kwanza ya kazi kila nyumba huja na fungu lake, likapokelewa mbele ya watu. Hapo ndipo kamba nyembamba zinapolazwa nyingi pamoja zikapotwa kuwa kamba za kati, nazo hizo zikasukwa kuwa kamba kuu, nene, nzito, ambazo haziwezi kubebwa ila kwa mabega ya wanaume wengi. Safu mbili za watu huzivuta kila upande kwa nguvu zao zote, ili kila ulegevu uliomo utoke sasa, wala usitoke siku ya mtu kupita.

Siku ya pili kamba kuu huvushwa ng'ambo, nne za sakafu na mbili za kushikia mikono. Na zavushwaje? Kwa msaada wa daraja lile lile la mwaka uliopita. Lililochoka hubeba lililo jipya mpaka upande wa pili, na kazi hiyo ikiisha, hukatwa. Naam, daraja lililotangazwa kuwa urithi wa taifa hukatwa mchana kweupe, likaangukia mtoni na kuchukuliwa na maji, wala hapana askari anayemkamata mtu. Siku ya tatu mafundi hukaa juu ya kamba hizo, bonde likiwa chini yao, wakaanza kufuma mbavu za daraja kutoka kingo mbili, kila mmoja akisogea mbele kadiri anavyofunga, hata wakutane katikati. Kisha sakafu hutandikwa. Siku ya nne ni ya chakula, muziki na kucheza. Tangu mwanzo mpaka mwisho yuko paqo, mtu wa ibada, ambaye hutoa sadaka kwa Pachamama, yaani Mama Ardhi, na kwa apu, wenye enzi wa milima. Na wako chakaruwak, mafundi wakuu wa daraja, ambao ujuzi wao hutoka kwa baba ukaenda kwa mwana.

Sitaki nionekane kama msifu mambo asiyekuwa na macho. Kwa desturi ya pale, wanawake wanaosokota nyasi iliyo msingi wa kazi yote hawaruhusiwi kukaribia daraja lenyewe wakati linapofumwa. Desturi hiyo siisifu. Nataka tu ijulikane kwamba tunazungumza juu ya watu halisi wenye sheria zao na kasoro zao, si juu ya picha ya kalenda.

Sasa nizijibu hoja za wapinzani, maana ninazijua. Nimezisikia katika vikao vyetu zaidi ya mara moja, kila nilipotoa mfano huu.

Hoja ya kwanza husema kwamba kitu cha namna hii hakiwezi kuitwa cha kihistoria. Historia, wanasema, ni ya vitu vilivyodumu; nyasi ya Juni iliyopita haina historia kuliko ufagio wa uani. Hoja hii yapendeza masikioni, lakini haivumilii swali moja dogo. Mwaka 2015 wasukaji wa Q'eswachaka walialikwa Washington, katika tamasha la Smithsonian, nao wakasuka daraja kama lao katika uwanja uitwao National Mall, mbele ya watazamaji wa kila namna. Baada ya tamasha sehemu ya kazi yao ikatiwa katika jumba la makumbusho. Basi kwa kipimo cha wapinzani wetu, kipande kilichoko Washington ndicho cha kale zaidi, kwa kuwa nyasi yake ni ya mwaka 2015, na daraja lililoko Quehue ni kitoto chake. Kipande kisichovusha hata panya ndicho urithi, na daraja linalovusha watu juu ya Apurímac si urithi! Mtu akifika hapo katika kufikiri kwake, afadhali arudi nyuma atafute alipokosea njia.

Alikosea pale alipoutafuta ukale ndani ya nyasi. Ukale wa Q'eswachaka umo katika mahali, umo katika umbo, umo katika mpangilio wa kazi, na zaidi ya yote umo katika deni ambalo kila nyumba hujua kwamba inadaiwa. Deni hilo ni la kale kuliko jengo lolote la mawe tunalolipigia picha. Hata sisi tunalo jina lake. Waganda huita kazi ya namna hiyo bulungi bwansi, Wanyarwanda umuganda, na Watanzania wa upande wa Tanga wanalo neno msaragambo. Wenyeji wa Andes wana maneno yao, ayni na mink'a. Tofauti ni kwamba wao wameliacha deni lile lishikamane na kitu kimoja kinachoonekana, ambacho asiyelipa hukiona kikilegea mbele ya macho yake.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, nami sitaipuuza. Husema: jirani na daraja lile kuna daraja la chuma lipitishalo magari. Anayetaka kuvuka kwa haja yake hupita kwenye chuma. La nyasi limebaki kuwa mchezo wa kuwaonyesha watalii, na wenyeji hulisuka kwa ajili ya fedha. Kweli, daraja la chuma lipo. Kweli pia kwamba wageni huja kwa wingi kuliko zamani, na kwamba senti zao hazikataliwi. Nani kati yetu angezikataa? Lakini hoja hii hugeuza mambo kichwa chini. Watu wale walikuwa wakisokota kamba zao kila mwaka kabla serikali haijawapa cheti na kabla mtalii hajaijua njia ya Quehue. Kama shabaha yao ingekuwa kuvuka tu, wangeacha siku ile chuma kilipofika. Hawakuacha, kwa sababu kwao kulifanya daraja upya ni wajibu kwa milima, kwa wazazi waliotangulia, na kwa jirani wa ng'ambo ambaye mwaka mzima huenda hawakukutana naye ila siku hizo. Mtu aliyenunua saa haachi kusikiliza adhana.

Hata hivyo hoja hii imegusa hatari ya kweli. Hatari haiko katika daraja la chuma. Iko katika cheti. Urithi ukishatangazwa, hujitokeza watu wa ofisini wenye nia njema ambao huona ni wajibu wao kuupangia saa, kuuwekea jukwaa la wageni waheshimiwa na kuuandalia hotuba. Taratibu, anayesuka huanza kusuka ili aonekane. Ile siku ambayo nyumba moja italeta kamba mbovu na hakuna atakayeuliza, kwa kuwa magari ya wageni yamekwisha kuondoka, siku hiyo daraja litakuwa limekufa ijapokuwa bado laning'inia. Nasema haya kuhusu Peru, lakini anayetaka kuyaona hana haja ya kusafiri. Na atazame vikundi vyetu vya ngoma vinavyoitwa kiwanjani kupokea mabwana wakubwa, kisha awaulize wachezaji vijana maana ya maneno wanayoyaimba.

Hoja ya tatu ni ile ya sheria: kwamba bila ulinzi wa serikali kila kitu kitaibwa, kitabomolewa au kitauzwa. Kwa majengo ya mawe sina ubishi. Sheria imeokoa mengi, na laiti ingeokoa zaidi. Lakini sheria za mambo ya kale, popote zilipoandikwa, zina amri moja katikati yake, nayo ni usiguse. Amri hiyo ikipelekwa kwenye daraja la nyasi hulimaliza kwa muda wa miaka miwili. Na hili si jambo la kukisia, kwa kuwa lilitokea. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliwazuia watu kukutana, na daraja halikujengwa. Mwezi wa Machi 2021 likakatika, likaanguka mtoni. Cheti cha 2009 kilikuwapo. Orodha ya 2013 ilikuwapo. Hapana aliyelichoma, hapana aliyeliiba, hapana aliyelikosea adabu. Halikuguswa, na kutoguswa ndiko kulikoliangusha. Mwezi wa Juni wa mwaka huo huo jamii zile zikashuka bondeni na kamba zao, zikavusha kamba kuu mpya bila ya daraja la zamani la kuzisaidia, na daraja likasimama tena. Waliojua walikuwa bado hai, na mapumziko yalikuwa ya mwaka mmoja tu. Yangekuwa ya miaka thelathini?

Jibu la swali hilo tunalo katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Palikuwa na chombo kiitwacho mtepe, ambacho mafundi wa visiwa vya Lamu walisifika kwa kukiunda. Mbao zake hazikupigiliwa misumari; zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 mitepe ikaacha kuundwa. Mifano yake midogo imewekwa vizuri katika makumbusho, ile ya Lamu ikiwa mojawapo, na watoto wa shule hupelekwa kuitazama. Lakini leo mtu akitaka mtepe wa kusafiria, hampati mzee wa kumwambia kamba ikazwe kiasi gani na tundu lizibwe kwa nini. Hana budi kuanza kwa kupima mifano na kusoma walioandika wageni. Kitu kimehifadhiwa. Ujuzi wake umezama.

Nimelitumia neno kuhifadhi, nami kwa kuwa ninaandikia walimu wa Kiswahili sina budi kulisimamisha kidogo. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, nalo kwetu lina maana mbili zilizo hai. Moja ni kuweka mahali pa salama, kama mtu anavyohifadhi hati ya shamba sandukuni. Nyingine ni kushika kwa moyo: mtoto wa chuoni aliyehifadhi juzuu zake, au mzee aliyehifadhi utenzi mrefu pasipo kitabu mbele yake. Aliyehifadhi kwa maana hii ya pili hakuweka kitu mahali. Amekitia kifuani, na hakikai humo ila kwa kudurusu. Akiacha kudurusu kinamponyoka neno baada ya neno, hata kama msahafu uko rafuni umefunikwa kwa kitambaa cha hariri. Maneno yetu ya ofisini, na maneno yetu ya mitihani, yamechukua maana ya sanduku yakaiacha ile ya kifua. Watu wa Quehue hawajui Kiswahili, lakini wanahifadhi kwa maana ya pili. Juni ni mwezi wao wa kudurusu.

Sisi wa Uganda tumepewa somo hili nyumbani, kwa gharama kubwa. Makaburi ya Kasubi, ambamo Makabaka wanne wa Buganda wamezikwa, yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Jengo lake kuu, Muzibu Azaala Mpanga, lilijengwa mwaka 1882 kuwa jumba la Kabaka Muteesa wa Kwanza, likawa kaburi lake mwaka 1884. Paa lake ni la nyasi, na kuezeka nyasi hizo ni haki na kazi ya watu wa ukoo wa Ngeye. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 liliteketea. Orodha ya dunia haikuzima moto. Ilichoweza kufanya ni kulihamishia jina lake katika orodha ya urithi ulio hatarini, ambako lilikaa hadi mwaka 2023. Sababu za kuchelewa huko zilikuwa nyingi, nami sitazihesabu hapa. Nataka kuuliza hili tu: baada ya majivu kupoa, Buganda ilibaki na nini cha kujengea? Haikubaki na jengo. Ilibaki na mikono ya waezekaji wachache waliokuwa bado wanajua namna ya kufunga mafungu ya nyasi na kuyapanga, na katika miaka ile ya kujenga upya vijana wakatiwa katika kazi hiyo ili wajifunze. Kama mikono hiyo isingekuwapo, fedha zote za dunia zingenunua mabati.

Hayo ya nyasi yanatuhusu sisi kwa jambo lililo karibu zaidi na ubao wetu wa chaki. Kiswahili katika nchi hii kimetangazwa mara nyingi kuliko kilivyofundishwa. Kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri ya mwaka 1973. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hivyo ni vyeti vitatu, na kila kimoja kilipokelewa kwa vigelegele. Mimi nilifurahi pia. Lakini cheti hakisokoti kamba. Kati ya tangazo na tangazo walimu wangapi walifundishwa? Shule ngapi zilipata vitabu? Ni watoto wangapi walioisikia lugha hii ikitumiwa na mtu mzima anayewapenda, mbali na amri ya askari na bei ya sokoni? Kila mwalimu anayesoma ukurasa huu ana jibu la shule yake.

Tena kuna jambo dogo ambalo huniudhi kuliko hayo makubwa. Kiswahili kina kusokota, kupota, kusuka, kufuma, kushona ukili. Kila moja ni kazi yake, na kila moja ina mkono wake. Mwanafunzi wa mjini huyaita yote "kutengeneza". Kamba hutengenezwa, mkeka hutengenezwa, kikapu hutengenezwa, nywele nazo hutengenezwa. Simlaumu. Hajapata kuyaona matendo hayo, na neno lisilo na tendo hukaa katika kamusi kama kile kipande cha Washington. Neno daraja lenyewe, mwanafunzi akiulizwa ghafula, analolifikiria kwanza ni daraja la mtihani.

Nafahamu kwamba mbele ya chama chetu kuna pendekezo la kutumia fungu la utamaduni la mwaka ujao kwa kununua kabati za vioo za kuwekea vyombo vya asili, pamoja na kibao cha shaba kitakachobandikwa mlangoni. Waliolitoa ni watu ninaowaheshimu. Naomba kura ipigwe dhidi yake, na badala yake ninatoa hili: fedha hizo zilipwe kwa wazee wajuao kazi, mwezekaji, msusi wa mikeka, msokota kamba, kila mmoja aketi na darasa moja kwa siku tatu. Wanafunzi wafanye kazi kwa mikono yao, na kila neno la kazi hiyo waliandike kama mzee anavyolitamka, kwa lugha yake, kisha kwa Kiswahili. Na pale ambapo Kiswahili hakina neno, waseme hivyo wazi, wala wasibuni. Mwisho wa siku ya tatu kilichosukwa kitumiwe mpaka kichakae. Mwaka unaofuata walioketi mara ya kwanza ndio waketi na wadogo zao, mzee akiwatazama.

Nitaambiwa kwamba kazi hiyo haitaacha kitu cha kumwonyesha mkaguzi. Ni kweli. Mkaguzi akija Novemba atakuta mkeka uliokaliwa na kamba iliyofungiwa mbuzi. Namwomba asiangalie mkeka. Amwite mtoto yeyote wa darasa hilo, ampe miyaa, akae amngoje.